Sahani ya Njiti

Chumba namba kumi na mbili cha hosteli kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa cha Njiti, kijana mrefu aliyekonda hasa. Cha pili kilikuwa cha Kibonge, nacho kiliwekewa matofali chini ili kisibonyee. Wote wawili walisomea umeme. Walitaniana kutwa kucha, na walipendana.

Asubuhi moja walikuwa na somo la kupanda nguzo. Kibonge alivaa kofia ngumu, akajifunga mkanda wa usalama. Mkanda ukaishia tundu la mwisho, tena kwa kubana pumzi. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hupandi," alisema. "Mkanda huu una kikomo cha uzito, na wewe umekipita. Mtihani ni baada ya miezi minne. Asiyepanda hapati cheti."

Kibonge alinyong'onyea. Mjomba wake, fundi wa nguzo, alikuwa amemwekea nafasi ya kazi. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa.

Mwenye hofu hushika chochote. Kibonge aliona kwenye simu tangazo la unga wa kupunguza unene: kilo kumi kwa siku saba! Akauagiza, akaunywa bila kula kitu. Siku ya kwanza alishinda chooni. Siku ya tatu alianguka karakanani, mbele ya darasa zima.

Njiti ndiye aliyemkokota hadi zahanati ya chuo.

"Dada, nitibu mimi kwanza," alimwambia muuguzi huku akihema. "Mzigo huu si mchezo."

Muuguzi alicheka, lakini alipousoma mkebe wa unga uliokuwa mfukoni mwa Kibonge, hakucheka tena.

"Hii ni dawa ya kuharisha," alimwambia Kibonge. "Umepoteza maji, hujapoteza mafuta. Ukinywa maji, uzito unarudi ule ule."

"Lakini Dada, watu kwenye simu wanausifia."

"Umewahi kumsikia muuza ndizi akisema ndizi zake mbovu?"

Kibonge akainamisha kichwa. "Basi simu ndiyo imeniponza."

"Simu haina kosa. Kisu hukata kitunguu, hukata na kidole. Nina kundi la wanafunzi kwenye simu. Kila siku kila mtu anatuma picha ya sahani yake, na anasema ametembea kiasi gani. Hakuna kuchekana, hakuna kuuza dawa, hakuna kutaja kilo. Kilo tunapima hapa, mimi na wewe tu, mara moja kwa wiki."

Akamchorea sahani kwenye karatasi. "Nusu iwe mboga na matunda. Robo wali au viazi. Robo maharage, samaki au nyama. Badala ya soda, kunywa maji. Ukipungua nusu kilo kwa wiki inatosha. Mwili haukunenepa kwa siku saba."

Kibonge akajiunga. Picha yake ya kwanza ilipendeza: mboga tele, wali kidogo, maharage. Wenzake wakampongeza. Kwa wiki tatu alisifiwa kuliko wote. Lakini mizani ya zahanati haikusifu mtu. Wiki ya tatu ilionyesha ameongezeka kilo moja.

Muuguzi hakusema neno kundini. Alimwita Kibonge faragha, akamwonyesha picha moja. Pembeni mwa sahani vilionekana vidole virefu, vyembamba.

"Mkono huu ni wa nani?"

Kibonge akavitazama vidole vyake vinene. Machozi yakamlengalenga. "Wa Njiti. Sahani ni yake. Yangu ilikuwa ya chipsi. Niliona haya, Dada. Kisha sifa zikaninogea."

"Mdogo wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sahani ya Njiti haihitaji msaada wetu. Tuonyeshe yako."

Jioni ile Kibonge alipiga picha sahani yake mwenyewe: chipsi zimejaa hadi pomoni, na soda mbili pembeni. Akaandika: "Picha zote za nyuma ni sahani za mwenzangu. Hii ndiyo yangu. Nisameheni." Akaituma, akailaza simu kifudifudi.

Simu ikalia. "Na mimi jana nilimaliza mkate mzima peke yangu," aliandika mmoja.

"Mimi saladi yangu niliipiga picha, kisha nikamwekea paka. Hata yeye aliikataa," aliandika mwingine.

Kibonge akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha msichana mmoja wa darasa la ushonaji akauliza, "Mbona unakula chipsi nyingi hivyo jioni?"

"Njaa inakuwa imenizidi. Mchana sili."

"Kwa nini?"

Kibonge akaandika ukweli. "Naona aibu kula mbele ya watu."

"Kesho mchana njoo bwaloni ule na sisi. Meza ya dirishani."

Kesho yake alikwenda. Walikuwa wanne. Walikula mchana, hakuna aliyemkodolea macho, kisha wakauzunguka uwanja kwa miguu. Ikawa desturi yao. Jioni, njaa ile ya kufa mtu haikuja tena.

Jumapili Kibonge alimpigia mama yake. "Mama, nikija usinipakulie mlima."

"Kwani siku hizi napika vibaya?"

"Unapika vizuri mno, Mama. Ndiyo taabu yenyewe."

Mama akaguna. "Haya, nitaongeza mboga. Hata goti langu lina malalamiko yake."

Wiki nyingine mizani ilishuka, nyingine iligoma. Kibonge alikata tamaa mara mbili, na mara zote mbili wenzake walimfuata chumbani kwenda kutembea. Kufika siku ya mtihani alikuwa amepungua kilo nane. Unene bado alikuwa nao, lakini uzito ulikuwa ndani ya kikomo, na mkanda ulifungika tundu la tatu. Mwalimu aliukagua mara mbili.

"Panda," alisema.

Kibonge alipanda polepole. Akafunga waya, akashuka, akapewa karatasi yenye neno moja: Amefaulu. Akaiinua juu, na Njiti akapiga picha. Karatasi ilionekana, na mkono ulioishika. Kibonge akaituma kundini bila maneno.

Muuguzi alikuwa wa kwanza kujibu. "Mkono huu ni wa nani?"

Kibonge akafuta jasho, akaandika: "Wangu, Dada. Wangu mwenyewe."