Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na uwanja wa nyuma wa Engracia Naputi ulikuwa tope tupu, lile tope jekundu la kusini mwa Guam ambalo likishika nguo nyeupe halitoki hata kwa kuombewa. Ndiyo maana mgeni alipoingia kwa mlango wa nyuma, Engracia alitazama miguu kwanza. Mgeni alikuwa pekupeku. Hakuacha ndala kizingitini kwa sababu hakuja na ndala. Na nyayo zake zilikuwa safi na kavu, kama nyayo za mtoto mchanga ambaye hajakanyaga chini.

"Mimi ndiye muuguzi uliyemtafuta," mgeni alisema.

Engracia aliziona nyayo zile, kisha akaamua kutoziona. Mwenye kiu ya siku nyingi haulizi kata imechota wapi.

Alikuwa ametafuta wiki sita. Benita, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akaacha kula, akaacha chuo, akawa anakaa kitandani akiutazama ukuta, na mara nyingine akiujibu. Engracia alipiga simu kila mahali. Daktari mmoja hapokei wagonjwa wapya. Mwingine amehamia Marekani bara. Hatimaye mtu akamshauri atafute muuguzi bingwa wa afya ya akili: hao wamesomea maradhi hayo miaka mingi, humpima mgonjwa, huzungumza naye, na dawa huandika wenyewe. Ofisi moja ilikuwa nao wawili. Karani akaliandika jina la Benita kwenye orodha ndefu.

Simu hiyo Engracia aliipigia kwenye ngazi za nyuma, kwa kuwa mbele, ng'ambo ya barabara, aliishi wifi yake Tomasa, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye siri ikiingia sikioni mwake hutoka kanisani.

"Mkija, msije na lile gari lenye maandishi ubavuni," Engracia alimwambia karani. "Na mpite nyuma."

"Mama, gari letu ni hilo hilo moja. Na zamu yenu bado."

"Basi aje yeyote!" alisema, na uchungu ukaipandisha sauti yake. "Yeyote yule, mradi apite nyuma asionekane!"

Alisema hayo akiwa ameuelekea msitu. Kila mtoto wa kisiwa hiki hufundishwa kwamba msitu una wenyewe, watu wa kale waliotutangulia. Huingii bila kuwaomba ruhusa, wala hupazi sauti kuelekea kwao, maana hujui ni nani atakayedhani ameitwa. Engracia aliyajua hayo kama alivyoijua Baba Yetu. Siku ile alisahau.

Kesho yake, saa tisa alasiri, ndipo mgeni alipokuja.

Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi zilizofungwa nyuma. Engracia akanyoosha mkono ili auchukue wake, auinamie na kuunusa, kama tunavyowaamkia wakubwa wetu. Mgeni akauficha mkono kwenye mikunjo ya gauni.

"Hayo tuyaache leo," alisema. "Yuko wapi mtoto?"

Akakaa na Benita saa nzima, mlango umefungwa. Engracia alitega sikio, lakini hakusikia maswali wala majibu, ila mvumo mdogo, kama nyuki ndani ya gogo. Mgeni alipoondoka, Benita alikuwa amelala. Alilala mpaka asubuhi. Engracia akasimama jikoni juu ya sufuria ya wali na kulia kwa furaha mpaka wali ukaungua.

Mgeni akawa anakuja kila siku, saa ile ile. Siku ya tatu alisema madirisha yafungwe, mgonjwa anataka utulivu. Siku ya tano alisema simu za ofisi zisipokelewe, maana yeye yupo, za nini tena? Kila alilolisema lilikuwa jepesi kutii. Hakuna dawa, hakuna kliniki, hakuna gari mbele ya nyumba. Hakuna atakayejua.

Harufu ndiyo iliyobaki baada yake. Juu ilikuwa harufu ya maua ya langilangi, nzito, ya kulewesha. Chini ya langilangi ilikuwa harufu ya mizizi iliyong'olewa sasa hivi.

Siku ya sita, akimwogesha Benita, Engracia aliona alama tano za buluu kwenye kifundo cha mkono. Alizipima kwa vidole vyake mwenyewe. Vidole vyake havikufika.

"Nani amekushika hivi, mwanangu?"

"Bibi."

"Amekuumiza?"

"Hapana." Benita alikuwa anautazama ukuta. "Ananipenda sana, mama. Ananipenda mpaka nachoka."

Jioni ile wifi Tomasa aligonga mlango wa mbele, sahani ya wali mwekundu mkononi. Engracia akafungua kwa upana wa uso wake tu.

"Wifi, mbona nyumba imefungwa hivi kwenye joto hili? Mnafuga uyoga?"

"Benita ana mafua."

"Mafua ya wiki sita? Hata kuku wangu hupona upesi zaidi, na wao hawana bima."

"Atapona. Asante kwa wali."

Tomasa akanusa hewa iliyotoka kwenye ule mwanya, na mzaha ukamtoka usoni. "Wifi," alisema polepole, "nani anachuma langilangi humu ndani?"

Engracia akaufunga mlango.

Siku ya tisa, mgeni akiwa chumbani, simu ya Engracia iliita kwa namba asiyoijua, naye akaipokea.

"Hujambo, mama. Naitwa Felis Mesngon, muuguzi wa afya ya akili. Samahani tumekuchelewesha, na juzi nimepiga hukupokea. Nimepata nafasi kesho asubuhi kwa ajili ya Benita."

"Lakini mwenzako yupo hapa."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mama mtu mzima. Si anakuja kila siku?"

"Mama, tuko wawili tu. Mwenzangu ni msichana mdogo, na amejifungua Jumapili. Huyo mama anaitwa nani?"

Siku tisa zote, na Engracia hakuwahi kumwuliza jina.

"Amekuonyesha kitambulisho? Amempa binti kitu cha kunywa?"

"Hapana," Engracia akanong'ona. "Hapana."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Chumbani, na mwanangu. Wamefunga."

"Basi nisikilize, mama. Mimi sijui huyo ni nani, hilo tutaliona baadaye. Ingia chumbani sasa hivi. Na umwulize Benita kama anataka kufa."

"Mungu wangu! Nimtie wazo hilo kichwani?"

"Kuuliza hakumtii mtu wazo. Kama halipo, atasema halipo. Kama lipo, amelibeba peke yake muda wote huu. Mwulize kwa maneno hayo hayo. Na usikate simu, niweke kwenye spika. Natoka ofisini sasa hivi."

Engracia akakishika kitasa, nacho kilikuwa baridi katikati ya joto lile, akasukuma, na harufu ya langilangi ikamfunika uso kama kitambaa kilicholowa, na katika giza la mapazia akamwona Benita amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, viatu ambavyo hakuvivaa tangu aache chuo, na mbele yake mgeni amepiga magoti, mkubwa mbele ya mdogo, ameukamata mkono wa mtoto kwa vidole virefu vilivyokunjika mara nyingi kuliko vidole vya mtu, ameuinamia na anaunusa, anavuta pumzi, anaivuta tu, pumzi ndefu isiyofika mwisho wala kurudi nje, na kadiri alivyovuta ndivyo uso wa Benita ulivyopauka, kama nguo iliyosahaulika juani.

Sisi huunusa mkono wa mkubwa ili tupate sehemu ya baraka zake. Mkubwa hanusi mkono wa mdogo. Engracia hakuhitaji mtu wa kumfundisha nini kilikuwa kinachukuliwa pale.

"Funga mlango," mgeni alisema kwa upole, bila kuinua kichwa. "Leo tunamaliza."

"Toka kwa mwanangu."

"Huyo wa kwenye simu atakuja na gari lake, na litasimama pale mbele. Kanisani watawahama kwenye benchi. Nani atamwoa? Nani atampa kazi? Mimi nimekuja kama ulivyotaka. Nimepita nyuma. Nani ameniona?"

Yalikuwa maneno ya Engracia mwenyewe, yale aliyoyasema moyoni usiku baada ya usiku.

"Mama," sauti ya Felis ikasema kutoka kwenye simu, "mwulize."

Engracia akaketi kitandani, akaushika mkono wa pili wa Benita, ule uliokuwa huru. "Mwanangu. Unataka kufa?"

Benita alijibu polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. "Sijui kama ndiyo kufa. Bibi anasema ni kwenda tu, pale nyuma. Nimechoka, mama. Nimemwambia sawa."

Vidole virefu vikakaza. Benita akaanza kuinuka.

Dirisha la chumba kile lilitazama barabarani. Engracia alimng'ang'ania binti yake kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akalifungua komeo, akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta, akatoa kichwa nje na kupiga kelele ambayo hakujua kwamba anayo.

"Wifi! Wifi Tomasa! Njoo! Benita anaumwa! Anaumwa akili, anataka kufa, njoo unisaidie!"

Mtaa mzima ukasikia. Fundi aliyekuwa juu ya paa la jirani akaacha nyundo hewani. Mwanga ukaingia chumbani, na hewa ya mvua, na sauti ya ndala za Tomasa zikikimbia barabarani.

Mgeni akauachia mkono. Benita akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akamwangukia mama yake kifuani. Mgeni hakutoweka kama moshi. Aliinuka, akakung'uta gauni lake, akatoka chumbani, akapita jikoni na kuelekea nyuma bila haraka, kama mtu mwenye nyumba nyingine za kupitia.

Tomasa aliingia na mwiko mkononi. Akamtazama Benita, akanusa, akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Kwenye tope hapakuwa na unyayo hata mmoja. Akauweka mwiko chini, akauelekea msitu na kuinamisha kichwa.

"Bibi zetu, babu zetu, tusameheni. Aliyewaita hakujua kama anaita. Huyu bado ni wetu."

Kisha akarudi chumbani, macho yakiwaka machozi.

"Na wewe! Umefuga jini siku zote hizi ndani ya nyumba ya kaka yangu, eti ili mimi nisijue?"

"Niliogopa utasema, wifi."

"Nitasema! Tangu lini mimi sisemi? Nitasema mtoto wetu anaumwa, na watu wataleta wali na kukaa naye zamu kwa zamu. Wewe ulidhani watu huambiwa ili wafanye nini?"

"Shangazi," Benita akasema kwa sauti ndogo, "unanikanyaga."

Felis alifika na gari lenye maandishi, akaliegesha mbele ya nyumba, mbele ya macho ya fundi na majirani wote. Alikuwa mnene, amevaa shati la maua, ameloa tope jekundu mpaka magotini kwa kukimbia. Akaacha ndala mlangoni, akaunusa mkono wa Tomasa, kisha akaketi sakafuni karibu na Benita. Hakuwa na haraka. Alimwuliza kuhusu usingizi na chakula, kuhusu sauti za ukutani, na kuhusu kule nyuma alikotaka kwenda, angekwendaje na lini. Benita akajibu. Mengi yalikuwa mapya kwa mama yake.

"Leo twende hospitali," Felis alisema mwishowe. "Si adhabu. Utalindwa, tutaanza dawa kidogo kidogo, na mimi nitakuja kila siku. Haitakuwa upesi, sikudanganyi. Unakubali?"

"Wataniachia viatu?"

"Kamba watazichukua. Viatu nitawaambia wakuachie."

Felis alipowaongoza kwenda garini, Engracia akamweleza yote kwa kunong'ona: nyayo, vidole, pumzi. Alitazamia acheke. Felis hakucheka.

"Alikuja siku ya pili baada ya kupiga simu kwetu?"

"Ndiyo."

"Mwezi uliopita nilimpigia mama mmoja, zamu yake ilipofika. Akaniambia tayari tumemtuma mtu. Nilidhani karani amekosea, nikampitisha anayefuata." Akafungua mlango wa gari. "Mwanawe alizikwa wiki ile ile."

Gari likaingia barabara kuu. Benita alikaa nyuma, kichwa kwenye bega la shangazi yake. Ndipo Felis akamwomba Engracia ampigie kwa simu yake aliyefuata kwenye orodha ya wanaosubiri zamu, spika ikiwa wazi. Iliita sana. Akapokea mwanamume, sauti chini.

"Asanteni kwa kupiga," alisema, "lakini muuguzi wenu ameshafika. Yuko ndani na mdogo wangu."

Felis akakaza mikono kwenye usukani. Engracia akainama mpaka mdomo ukakaribia simu.

"Kaka, hunijui. Naitwa Engracia Naputi, wa Malojloj. Binti yangu Benita anaumwa akili, yuko hapa nyuma yangu, tunampeleka hospitali. Huyo muuguzi amepita mlango gani?"

"Wa nyuma. Tuliomba iwe hivyo."

"Ingia ndani, kaka. Fungua madirisha, kisha upige kelele. Waite majirani."

"Majirani?"

"Wote. Waambie anaumwa nini. Sasa hivi."

Walimsikia akipumua. Mahali fulani nyuma yake palikuwa na mvumo mdogo, kama nyuki.

"Naona haya, dada," sauti ikasema, na simu ikakatika.

Halafu, kutoka kiti cha nyuma, mkono wenye alama tano za buluu ukanyooka katikati ya viti, ukaigusa simu.

"Mpigie tena, mama," Benita akasema. "Mimi nitaongea naye."