Vidole Kwenye Mshipa wa Babu

Kila jioni, vyombo vya chakula vikishaondolewa, meza ya jikoni kwa akina Maribeth iligeuka kuwa zahanati. Mama yake, Rhonda, alifuta makombo ya mkate wa mahindi, akanawa mikono mpaka karibu na viwiko, kisha akatoa begini mkanda wa kupimia presha na stetoskopu, kile kifaa cha masikioni cha kusikilizia mapigo. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, tena mbishi. Huyo alikuwa Babu Vernon, baba yake Rhonda, aliyechimba makaa ya mawe chini ya milima ya Kentucky tangu ujanani, na sasa hakutaka kuchimbuliwa na mtu.

"Kunja mkono wa shati, Baba."

"Jana si ulinipima?"

"Na kesho nitakupima."

"Bora ningefuga ng'ombe badala ya kuzaa. Angalau ningepata maziwa," Babu alinung'unika, lakini mkono akautoa.

Rhonda alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii kule mjini, akisomea uuguzi. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vyakula akipitisha mikebe ya maharage ya watu wengine, huku akijiambia kwamba siku moja atakuwa muuguzi aliyesajiliwa, mwenye jina lake kifuani. Siku hiyo ilikuwa imeanza kuonekana kwa mbali. Ila chuo kile hakikuwa na mzaha. Katika mtihani wa vitendo ulipewa nafasi tatu tu. Ukianguka zote tatu, unafunga virago.

Nafasi ya kwanza ya kupima presha Rhonda alikuwa ameipoteza kwa njia ya kutia uchungu. Alipima vizuri, namba ikawa sahihi kabisa, lakini alikuwa amemgusa mgonjwa kabla ya kunawa mikono. Mwalimu Stallard, mwanamama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alimwambia akajifunze upya. Rhonda alilia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Ndiyo maana jioni hizi hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Maribeth, mwenye miaka kumi na miwili, naye alikuwa na kazi yake. Kabla ya kusikiliza kwa stetoskopu, muuguzi huweka vidole kwenye kifundo cha mkono cha mgonjwa huku akijaza upepo mkandani. Mapigo yakipotea chini ya vidole, anajua ni wapi pa kuanzia, kisha anapandisha juu zaidi ya hapo, ndipo aachie upepo na kusikiliza. Rhonda alikuwa bado anagombana na ule mpira wa kujazia upepo, kwa hiyo kazi ya vidole alimpa binti yake.

"Yakipotea, niambie," alimfundisha. "Tukianzia chini sana, masikio yatatudanganya."

Mwanzoni Maribeth alifanya kazi hiyo kwa heshima zote. Alifumba macho, akausikia mshipa wa Babu ukigonga taratibu chini ya ngozi yake ngumu, na akasema "Bado yapo... bado yapo..." mpaka Babu akakunja uso kwa maumivu.

Halafu jioni moja Rhonda alipokwenda kutafuta kalamu, Babu alimsogezea mjukuu wake peremende chini ya meza.

"Sikia, Mari. Huo mkanda unaniminya kama mlango wa gari. Wewe sema mapema tu kwamba mapigo yamepotea. Mimi napona, na wewe unawahi mpira wako wa kikapu kwenye televisheni."

"Mama atajua."

"Atajuaje? Vidole si vyako?" Babu alishusha sauti. "Na ikitoka namba mbaya, atanipeleka kwa daktari. Unamkumbuka rafiki yangu Estill? Alikwenda kupimwa tu, akarudi amekatazwa nyama ya nguruwe ya chumvi. Mtu mzima, anakula majani kama sungura!"

Maribeth alicheka. Alimpenda babu yake kuliko kawaida, na peremende ilikuwa imeshaingia mdomoni. Jioni ile mshale wa kipimo ulipofika mia moja na thelathini, mshipa ukiwa unagonga vilevile chini ya vidole vyake, alisema, "Yamepotea."

Rhonda alipandisha kidogo juu ya hapo, akaachia upepo, akasikiliza kwa makini. "Mia moja thelathini na nane! Siyo mbaya kwa umri wako, Baba. Na mimi nimesikia vizuri kabisa!"

Alifurahi mno, akambusu Maribeth kwenye paji la uso. Kumvurugia mtu furaha kama hiyo kungehitaji roho ngumu. Kwa hiyo kesho yake Maribeth alisema tena "Yamepotea," na kesho kutwa pia, mpaka uongo ule ukawa kitu cha kila siku kama kupiga mswaki. Asubuhi moja alimkuta Babu ameshika ukingo wa sinki, kichwa ameinamisha. Alimwuliza kuna nini, Babu akasema ni usingizi tu. Maribeth akachukua begi lake akaenda shule.

Siku ya nafasi ya pili theluji ilifunga shule zote za bondeni, lakini chuo kilifungua milango yake saa chache baadaye. Maribeth akalazimika kwenda na mama yake. Babu naye alikwenda, maana kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu wake wa kupimwa.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kama wodi ya hospitali, isipokuwa vitandani walilala midoli wakubwa wa plastiki, midomo wazi. Babu alimsalimia mmoja wao kwa kumvulia kofia. "Huyu ameshapimwa sana," alisema. Wanafunzi wakacheka, na hata Mwalimu Stallard alibana tabasamu.

Rhonda alinawa mikono. Maribeth alihesabu kimoyomoyo na kushusha pumzi. Rhonda alimfunga Babu mkanda, akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye mshipa, akaanza kujaza upepo. Mwalimu alikuwa amesimama kando, naye amevaa stetoskopu yake iliyounganishwa na ya mwanafunzi, ili wasikie sauti ileile.

Mshale ulipita mia moja thelathini. Ukapita mia moja hamsini. Maribeth aliona uso wa mama yake ukibadilika. Rhonda alisogeza vidole, akavibonyeza tena, akakunja paji la uso. Kisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejikemea, akaacha kujaza upepo pale pale kwenye mia moja sitini. Aliachia upepo, akasikiliza.

"Mia moja thelathini na nane," alisema.

Mwalimu Stallard alivua stetoskopu masikioni. "Rhonda, mapigo yalipotea wapi?"

"Kwenye mia moja thelathini."

"Uliyasikia yakipotea? Wewe mwenyewe, kwa vidole vyako?"

Rhonda alitazama vidole vyake. "Niliona kama bado yapo. Nikadhani nasikia mapigo yangu mwenyewe, kwa woga. Nyumbani huwa yanapotea kwenye mia moja thelathini kila siku."

Mwalimu alikaa mahali pa Rhonda, akashika kifundo cha Babu, akajaza upepo. Mia moja sitini. Mia moja themanini. Mia mbili. Mshale bado ulikuwa unapanda. Babu alifungua mdomo aseme kitu cha kuchekesha, akaufunga. Mwalimu alipoachia upepo na kusikiliza hadi mwisho, rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mia mbili na kumi na mbili, juu ya mia moja na kumi na nane," alisema taratibu. "Mzee, una maumivu ya kichwa?"

"Asubuhi asubuhi tu," Babu alijibu kwa sauti ndogo ambayo Maribeth hakuwahi kuisikia kwake.

"Mwite daktari wa zamu," Mwalimu alimwambia mwanafunzi wa karibu. "Sasa hivi. Kimbia!"

Mia mbili! Kwenye ncha za vidole vyake Maribeth akausikia tena mshipa wa Babu ukigonga, kama ulivyokuwa ukigonga kila jioni alipokuwa akisema mapigo yamepotea.

"Lakini haiwezekani," Rhonda alisema. "Nampima kila siku! Nilisikia sauti inaanzia pale!"

"Ulisikia kweli," Mwalimu alisema. "Kwa baadhi ya wazee wenye presha kubwa, sauti huanzia huko juu, ikanyamaza katikati, kisha ikarudi huku chini. Ukianzia kwenye ule ukimya, utasikia ya chini tu na kuiona njema. Ndiyo maana tunashika mshipa kwanza. Nani alikuwa anashika mshipa nyumbani?"

Babu aliangalia kofia yake. Maribeth alitamani awe mmoja wa wale midoli, asiwe na mdomo wa kusema.

"Mimi," alisema, na machozi yakaja yote kwa pamoja. "Mapigo yalikuwa bado yapo, Mama. Kila siku yalikuwa bado yapo. Nilisema yamepotea ili Babu asiumie. Na nilitaka kuwahi mpira."

Rhonda alimtazama binti yake kama mtu asiyemfahamu. Hakupiga kelele, na Maribeth alitamani angepiga.

"Usimwonee mtoto," Babu alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimhonga peremende, Rhonda. Mtu mzima na ndevu zangu."

Walimpeleka hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Ilichukua muda mrefu kabla ya daktari kutoka na kusema kwamba presha imeanza kushuka kwa dawa, na kwamba wamshukuru Mungu, kwani mzee alikuwa anatembea na kiharusi mfukoni. Rhonda alikuwa ameanguka mtihani kwa mara ya pili. Sasa nafasi ilibaki moja tu.

Walikaa kwenye benchi la korido, mama na mtoto, makoti yao yakichuruzika theluji iliyoyeyuka.

"Mama, nisamehe. Utafukuzwa kwa ajili yangu."

Rhonda alipangusa matone kwenye koti lake. "Unajua kinachoniuma, Mari? Siyo mtihani. Pale darasani vidole vyangu viliniambia ukweli. Nilimsikia baba yangu kabisa, anagonga. Nikavikataa vidole vyangu, kwa sababu nilikuamini wewe."

Maribeth alilia mpaka akakwama pumzi. Mama yake alimvuta begani.

"Nami nilikosea. Ile kazi ilikuwa yangu, na nilikuachia kwa sababu ilinishinda. Lakini nisikilize vizuri. Uliposema namba ya kubuni, haikuwa na alama yoyote usoni. Ilikaa pamoja na namba za kweli, ikafanana nazo, na mimi nikajenga juu yake. Muuguzi mwenye namba ya uongo ni hatari kuliko asiyejua kupima kabisa, kwa sababu asiyejua atauliza. Ukitaka kumhurumia mgonjwa, mhurumie kwa ukweli. Huo mkanda ungemminya Babu kidogo tu."

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Ila sitaki uniahidi. Nataka uje mezani."

Babu alirudi nyumbani na vidonge vyake na amri ya kuacha nyama ya chumvi. Aliomboleza juu ya sahani ya mboga za majani kama aliyefiwa, lakini alikula. Jioni ile meza ilifutwa, Rhonda akanawa mikono, akafunga mkanda. Safari hii alijaza upepo kwa mkono mmoja na kushika mshipa kwa mwingine, akarudia jioni baada ya jioni mpaka mikono ikazoea. Siku ya nafasi ya tatu, Mwalimu Stallard alisikiliza pamoja naye, akavua stetoskopu, akamwambia maneno mawili: "Umefaulu, Rhonda." Rhonda alilia tena ndani ya gari, na vioo vikaingia ukungu tena, lakini Maribeth na Babu walikuwa ndani wakilia naye.

Usiku huo wa furaha, baada ya chakula, Rhonda alimwita Maribeth na kumwekea mkono wa Babu mbele yake.

"Shika."

Maribeth alisita. "Mimi, Mama?"

"Wewe."

Aliweka vidole. Mshipa ulikuwa pale, ukigonga. Rhonda akaanza kujaza upepo.

"Bado yapo," Maribeth alisema. "Bado yapo."

"Mkono wangu huo, jamani," Babu alinung'unika.

"Bado yapo, Babu. Vumilia. Bado yapo."

Babu aliingiza mkono wake wa pili mfukoni. Alitoa peremende moja, akaitazama, akaifungua, akaitia mdomoni mwake mwenyewe.

"Yamepotea," Maribeth alisema, na mama yake akaandika namba.