Nifunike, Mwanangu

Jirani yetu mmoja, ambaye mtaani tulimwita Mapozi kwa kupenda kwake picha, alikuwa mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Kila asubuhi aliwaogesha. Kila mzee alikuwa na beseni lake na taulo lake, na kabla ya kushika beseni lolote, wahudumu wote waliacha simu zao kwenye kikapu mezani kwa matroni. Wazee si sinema, matroni alizoea kusema.

Sasa Mapozi alikuwa na simu mbili. Ile mbovu, isiyo hata na betri, aliitumbukiza kikapuni macho makavu, na shikamoo juu. Ile nzima aliingia nayo bafuni, mfukoni mwa aproni.

Aliyempendelea ni bibi wa kitanda cha sita, mwalimu mstaafu. Akili zilikuwa zimeanza kumtoka, lakini haya zake alikuwa nazo zote. Siku hiyo Mapozi aliegemeza simu kwenye kopo la sabuni, akamvua bibi gauni, kisha akalisogeza taulo mbali.

"Nifunike, mwanangu."

"Taulo si hilo hapo, bibi! Litafute."

Bibi akapapasa, akapapasa. Mapozi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu bibi akaigeukia simu, sijui aliionaje kwa macho yale yenye mtoto wa jicho, akanong'ona, "Kuna watu pale?"

"Wengi tu. Wasalimie."

Bibi akainua mkono, vile vile alivyo, akawasalimia kama darasa lake.

Kufikia adhuhuri, watu laki mbili mtandaoni walikuwa wamecheka. Mtoto wa kiume wa bibi alionyeshwa kazini na mwenzake asiyejua kwamba yule ni mama yake. Naye bibi hakukubali tena kuvuliwa. Siku ya nne alikufa amejifunga mataulo mawili, ameyashikilia kwa meno. Matroni aliuliza ni nani aliyepiga ile video. Kila mtu akaapa simu yake ilikuwa kikapuni, na kweli, zilipohesabiwa zilitimia.

Mapozi alikuwa na yake ya kushughulikia. Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja kumposa, na mchumba mwenyewe alimpenda hadi basi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, shangazi yake alipiga simu. Alinong'ona. "Mwanangu, jifunike."

"Nimefanya nini, shangazi?"

"Tazama ukurasa wako."

Lilikuwa bafu la nyumbani kwake. Video imepigwa usawa wa kopo la sabuni. Yeye ndiye aliyekuwa akipapasa taulo. Mtu alikuwa akicheka nyuma ya kamera, na kicheko kile kilikuwa chake mwenyewe.

Akaifuta. Ikarudi. Akafunga ukurasa. Ikarudi. Akaiponda simu kwa nyundo, na jioni ikatoka nyingine. Akaacha kuoga. Ijumaa alishinda sebuleni na koti lake, vifungo mpaka shingoni. Kwenye video ya Ijumaa alikuwa sebuleni, kwenye kiti kile kile. Koti halikuwepo.

Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Wakwe hawakuja. Mchumba alituma neno moja: *Nimeona.*

Fundi wa simu alichunguza ule ukurasa, akasema video zote zinatoka kwenye simu yake ya zamani, ile mbovu aliyoiacha kikapuni. Mapozi akakimbia mpaka kwa matroni, akalia, akakiri kila kitu. Matroni akaitoa ile mbovu kikapuni, akaifungua mgongo. Hakuna betri. Lakini kioo kilikuwa na mvuke. Akaupangusa. Haukutoka. Ulikuwa kwa ndani.

"Nitolee uchafu wako," matroni akasema, akamfukuza kazi papo hapo. Simu akaitupa kwenye tanuri la kuchomea taka, akasimama pale mpaka ikawa jivu.

Leo Mapozi yuko kwa mama yake. Mchana wa jua kali, mablanketi matatu. Ukipita mlangoni atakuuliza, "Kuna watu pale?" Halafu mkono wake unainuka, anakusalimia. Hao watu wamefika laki tatu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama mara mbili. Nilicheka pia.

Na kule kwa wazee, matroni bado anahesabu kikapu kila asubuhi. Wahudumu wamebaki wanane. Simu ni tisa. Ya tisa huwa imelowa maji ya vuguvugu.