Kifuniko Kwenye Pampu Namba Tatu

Balwinder Sahota alilala kifudifudi hatua nne kutoka pampu namba tatu. Kilemba chake cha buluu kilikuwa kimemvuka na kubiringika hadi kwenye ndoo ya kuoshea vioo. Risasi moja, tumboni. Skafu aliyojifunga usoni kwa baridi ya Februari ilikuwa imeshikana na lami kwa barafu.

Inspekta Marlene Dudek alimtazama, akauma meno. Kwa miaka tisa, kila asubuhi, mtu huyu ndiye aliyemwekea mafuta. "Nijaze, Afande?" "Jaza." "Haya, kazi njema. Usimkamate mtu kabla ya chai." Hata leo Jumapili, taa ya mafuta ya gari lake ilikuwa inawaka, na alikuwa njiani kuja hapahapa simu ya kazini ilipomfikia.

"Nani kamkuta?"

"Mdogo wake, Kulwant," alijibu Sajini Otis Grady, msaidizi wake. "Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Alikuja kupokea zamu. Nimemweka garini. Nguo zake zimelowa damu, Afande."

"Kampakata ndugu yake anayekata roho. Ulitaka zilowe nini, maziwa?"

Grady alikohoa. "Jirani anasema jana jioni walifokeana hapa. Mmoja anataka kituo chao cha mafuta kiuzwe, mwingine hataki. Mwendesha mashtaka ameshapiga simu. Anataka Kulwant afunguliwe mashtaka kabla ya saa sita mchana."

"Leo Jumapili."

"Waandishi wa habari hawana Jumapili."

"Kamera?"

"Ya nje imekufa tangu Krismasi."

Daktari wa maiti alikuwa amepiga magoti, akionyesha kwa kalamu mchirizi mwembamba wa damu. "Hakufa papo hapo, Marlene. Alipigwa pale kwenye pampu, akawa anajikokota kuelekea kibandani, nadhani kwenye simu. Aliishi dakika ishirini, pengine ishirini na tano."

"Na hospitali iko wapi?"

"Unajua iko wapi. Dakika saba. Angewahiwa, leo angekuwa anawalalamikia wauguzi kuhusu chakula."

Hasira ilimpanda Marlene polepole, na hakuwa na haraka ya kuizuia. Ganda moja la risasi, la milimita tisa, lilikuwa karibu na pampu. Alilitia kwenye mfuko wa vielelezo mwenyewe.

*

Kulwant Sahota alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, kama mtu aliyekatazwa kugusa chochote. Vidole vyake vilikuwa vimeshapakwa dawa ya kupima baruti. Majibu ya maabara yangetoka kesho.

"Jana mligombana?"

"Tuligombana. Hatujaacha kugombana tangu tukiwa wadogo."

"Kuhusu nini?"

"Nilitaka tuuze. Nilimwambia, kaka, unasimama nje saa kumi na mbili alfajiri, una miaka hamsini na nane, utakufa kwa mapafu. Akanicheka." Aliitazama damu kwenye shati lake. "Hakufa kwa mapafu."

"Una bunduki?"

"Sina. Hajawahi kuwa nayo hata yeye. Muulize mtu yeyote hapa mjini Harker."

"Ulipomkuta alikuwa na fahamu?"

"Alikuwa wa moto bado. Macho yamefunguka." Alimtazama Marlene kwa mara ya kwanza. "Afande, nifungeni kesho, nifungeni mwaka mzima, sijali. Lakini sisi Masingasinga, maiti yetu lazima ioshwe na watu wake. Hapa Marekani ana mimi tu. Mkinipeleka ndani leo, nani atamwosha kaka yangu?"

Marlene alifunga mlango wa gari taratibu, maana angeubamiza, kioo kingevunjika.

Gari likaondoka na Kulwant kwenda mahabusu, naye akarudi kwenye pampu. Mpira wa mafuta ulikuwa chini, mdomo wake wa chuma umeelekea barabarani, wala tone la petroli halikuwa limetoka. Juu ya pampu kulikuwa na kitu cheusi cha plastiki, cha mviringo, kimeketi kwa adabu kabisa. Kifuniko cha tangi la gari.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaita.

"Grady! Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa Harker, Afande."

"Umewahi kujiwekea mafuta?"

"Mimi?" Sajini alicheka kidogo, akanyamaza alipoona uso wa mkubwa wake. "Hapa New Jersey? Sheria hairuhusu. Mama yangu ana miaka sabini na hajui hata mpira unashikwaje."

"Balwinder alivaa glovu zake za sufu. Hakuna nyuzi za sufu kwenye mshikio wa huu mpira, ila kuna alama ya kiganja kitupu. Na Balwinder akifungua kifuniko hukiweka juu ya gari, miaka tisa namwona. Kuna mtu ameshuka, amefungua tangi mwenyewe, ameshika mpira mwenyewe. Huyo si mtu wa Jersey. Huyo amevuka daraja la mto kutoka kwenye majimbo ambako kila mtu anajihudumia."

"Anajihudumia mafuta, na bastola vilevile," alisema Grady.

"Sasa umeamka."

*

Kituo cha simu za dharura cha wilaya kilijibu kwamba hakuna simu iliyopigwa kutoka eneo lile kabla ya ile ya Kulwant ya kibandani. Marlene alikata, akabaki anagonga usukani kwa kucha. Haingii akilini. Mtu anavuja damu dakika ishirini na tano kando ya barabara kuu.

"Pale kituoni simu za mkononi hushika mnara wa ng'ambo ya mto," alisema Grady. "Shemeji yangu aliunguliwa nyumba mwaka juzi akaletewa zimamoto kutoka Pennsylvania. Simu zetu huvuka Mto Delaware bila kuomba ruhusa."

Marlene alimtazama, akapiga simu ng'ambo.

Mpokeaji alikuwa kijana mwenye usingizi. "Kuna moja, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Ilikatika baada ya sekunde nne. Tulirudisha, mtu akasema ni bahati mbaya. Tukaifunga."

"Nisikilizishe."

Kwanza ilisikika pumzi ya mwanamke, halafu maneno mawili, "Kuna mtu," kisha kimya. Halafu sauti ya mwanamume, tulivu, ya upole hata: "Samahani sana, kijana. Mke wangu kaikalia simu. Hapa hakuna shida yoyote. Mungu akubariki."

Nyuma ya neno *akubariki*, mbali, mtu mwingine alikuwa anaugua.

Marlene aliomba irudiwe. Grady aligeuza uso dirishani. Mara ya tatu hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

"Namba ya nani?"

"Wanda Burdette. West Virginia."

Katika orodha ya wakazi wa Harker kulikuwa na Burdette mmoja tu, Cody, fundi wa mabomba, Mtaa wa Linden. Ilikuwa saa nne na robo.

*

Mbele ya nyumba ya Cody Burdette palikuwa na baluni nyeupe na gari kubwa la kijivu lenye namba za West Virginia. Marlene hakwenda mlangoni kwanza. Alizunguka gari, akafungua kijilango cha tangi. Mahali pa kifuniko palikuwa na kitambaa cha jikoni kilichosokomezwa.

Ndani harufu ilikuwa ya nyama ya nguruwe ya kuoka na kahawa. Mtoto wa wiki nane, kavaa gauni jeupe la ubatizo, alikuwa mikononi mwa babu yake. Royce Burdette, mstaafu wa machimbo ya makaa, alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kupendeza. Mkewe, Wanda, alikuwa kwenye sinki anaosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari.

"Bwana Burdette, mpe mama yake mtoto."

"Kuna nini, bibie? Kanisa letu ni saa saba."

"Mpe mama yake mtoto."

Alimpa mke wa Cody. Cody alitaka kusema kitu. Grady akamwonyesha kiti, naye akaketi.

Marlene alimsomea haki zake: ya kunyamaza, ya kuwa na wakili. Royce alipunga mkono. "Sina cha kuficha. Uliza."

"Ulipita daraja saa ngapi?"

"Alfajiri. Sikuangalia saa."

"Ulisimama kuweka mafuta Harker?"

"Sikusimama. Nilijaza Pennsylvania."

"Una silaha?"

"Ninayo. Na ni haki yangu ya kikatiba. Iko kwenye buti, haina risasi, imefungwa kwa kufuli. Risasi ziko mbali nayo. Nimesoma sheria yenu, mama. Nimeichapisha kabisa, karatasi iko humohumo. Twende ukaone."

Walienda. Ilikuwa kama alivyosema: sanduku la chuma, kufuli linang'aa, na karatasi ya sheria imekunjwa vizuri juu yake. Marlene aliinama, akalitazama kufuli. Ufunguo wa akiba ulikuwa bado umefungwa kwa waya, na kwenye waya kumening'inia kibandiko cha duka la vifaa la Mtaa wa Mbele, Harker. Duka lile hufunguliwa saa mbili.

"Umesafiri na kufuli hili tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

"Limeuzwa leo, hapa mjini kwetu."

Marlene alitoa mfuko wa vielelezo wenye kile kifuniko cheusi, akaunyanyua hadi usawa wa macho yake. "Ulikumbuka kufuli. Ulikumbuka kuchapisha sheria. Kifuniko cha tangi lako ukakisahau kwenye pampu namba tatu. Kweli njia ya mwongo ni fupi, Bwana Burdette, ila wewe yako hata haikufika mwisho wa mtaa."

"Vifuniko viko vingi duniani."

"Na sauti je?"

Aliweka simu yake juu ya buti, akabonyeza. *Mke wangu kaikalia simu. Hapa hakuna shida yoyote.*

Mlango wa nyumba ulifunguka. Wanda alikuwa amesimama kizingitini, mikono inachuruzika povu la sabuni.

"Sikuikalia," alisema.

"Wanda, rudi ndani."

"Sikuikalia, Royce! Ulininyang'anya!" Aliteremka ngazi na kandambili zake kwenye theluji. "Nilikwambia kabla ya daraja. Simama, ifungie kwenye buti. Nilikwambia mara tatu. Ukasema hujawahi kumfungia mtu bastola yako tangu unioe, hutaanza leo kwa ajili ya watu wa Jersey. Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Mama, ilikuwaje pale?" aliuliza Marlene.

"Alishuka kuweka mafuta. Yule bwana akatoka kibandani mbio, anapunga mikono. Alisema, 'Kaa garini, bwana, baridi kali. Nitakuwekea mimi.' Nilimsikia vizuri, kioo changu kilikuwa wazi. Akanyoosha mkono aupokee mpira, amsaidie." Alijifuta uso kwa mkono wenye povu. "Royce akachomoa, akapiga."

"Alikuwa amejifunga uso!" Royce alifoka, na upole wote ukamtoka. "Kavaa kilemba, kajifunga uso, ananijia mbio gizagiza! Ningejuaje? Kwetu hakuna mtu anayekuja kwenye gari lako ila mwizi!"

"Kwenu ni kwenu. Hapa anayekuja mbio ni mwenye kituo, anakuja kukuhudumia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, mwenyeji amekufa." Marlene alisogea hadi pumzi zao zikakutana kwenye baridi. "Lakini tuseme uliogopa. Sawa. Mtu huogopa. Baada ya risasi, uliona si mwizi?"

Royce aligeuka kuitazama nyumba.

"Uliona?"

"Alikuwa ananiuliza kwa nini." Royce alitazama chini. "Anasema tu, 'Kwa nini, bwana?'"

"Na simu ilikuwa mkononi mwa mkeo, imeshaita. Kwa nini uliikata?"

"Ingekuwa kwetu ningewaita polisi mwenyewe!" alisema, na macho yake yakajaa machozi ya kujihurumia. "Ningewaambia nimejihami, wangenisikiliza. Huku kwenu bastola tu, hata kama hujamgusa mtu, ni miaka mitano na zaidi. Nilisoma. Nina miaka sitini na sita. Nina mjukuu wa wiki nane. Nilifikiri wakija wataikuta bastola, na mimi nimekwisha. Nilifikiri mtu mwingine atapita, atamwona."

"Aliyepita ni mdogo wake. Sasa hivi yuko mahabusu kwa ajili yako."

"Sikujua hilo."

"Ulijua mengine yote. Miaka yako mitano ukaiweka upande huu, roho ya mtu upande huu, ukachagua. Dakika saba, Burdette! Hospitali iko dakika saba! Sekunde nne mkeo alizipata, na wewe ukampa kijana wa watu baraka za Mungu huku mtu anaugulia miguuni pako."

Mkono wa Marlene ulikuwa umekunjika ngumi bila yeye kujua. Grady aliuona, akapita katikati yao na pingu. Ndani ya nyumba mtoto alianza kulia.

*

Mwendesha mashtaka alipigiwa simu saa tano na nusu. Alisema "Kazi nzuri." Marlene akamkatia kabla hajamaliza.

Alimtoa Kulwant mahabusu mwenyewe, akampa koti lake la akiba juu ya shati lenye damu, akampeleka hadi chumba cha maiti. Taa ya mafuta iliwaka njia nzima.

Mlangoni Kulwant alikunja mikono ya shati. Kilemba cha buluu, kilichokwisha kupigwa picha na kuandikishwa, alikuwa amekishika kifuani.

"Nataka kujua kitu kimoja, Afande. Alipokuwa pale chini. Alikuwa peke yake?"

Kwa miaka ishirini na mbili ya kazi, Marlene alikuwa ameshawadanganya wafiwa wengi kwa huruma. Safari hii hasira haikumruhusu.

"Hapana," alisema. "Walikuwepo wawili."

Kulwant aliitikia kwa kichwa polepole, akisubiri lililobaki. Lilipokosa kuja, akaelewa kwamba walimwacha. Aliingia ndani, akafungua bomba, akasubiri mpaka maji yapate moto.