Karatasi Chini ya Chungu cha Maua

Waya wa buluu ndio uliowakutanisha. Ambokile, fundi wa kompyuta kutoka Tukuyu, alikuwa akipita katikati ya watu kwenye stendi ya teksi ya Isipingo na bunda la waya begani. Ncha ikaburuzika nyuma yake mpaka ikajizungusha kwenye kisigino cha kiatu chekundu.

"Papa, unanivuta kama mbuzi," alisema mwenye kiatu. Alivaa kitenge cha njano chenye maua ya zambarau, na kilemba cha mafundo mawili.

"Samahani, dada. Naupeleka shule moja pale Sydenham, wameniajiri juzi."

"Na mimi njo kule natumika. Mu bibliothèque."

Jina lake Yvette, mzaliwa wa Bukavu, mtunza maktaba wa shule hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye walikuwa wakila sambusa pamoja Overport kila jioni. Mchana waliandikiana maneno mafupi kwenye kompyuta, Ambokile akiwa chumba cha mashine, Yvette maktaba. Umekula? Nitakula aje, nakuwaza weye.

Kila Jumanne Yvette alipata barua pepe kutoka Nairobi. Siku moja Ambokile aliona jina.

"Huyu Désiré anajua kuandika. Kurasa tatu."

Yvette akacheka, hakueleza. Alipenda kumwona akinuna kidogo. Désiré alikuwa kaka yake, na Jumatatu iliyokuwa inakuja mama yao angepasuliwa tumbo hukohuko Nairobi.

Jumatatu hiyo mwalimu mkuu aligundua kwamba mtu wa nje ameingia kwenye mashine ya alama za wanafunzi. Ambokile akafunga kila huduma: barua pepe, maongezi, kuhamisha mafaili. Juu ya kila meza akaweka karatasi: anayehitaji huduma aandike sababu, mkuu asaini, ndipo ifunguliwe. Yvette alidhani ni ya walimu. Akaiweka chini ya chungu cha maua.

Jumanne barua haikufunguka. Akapiga simu chumba cha mashine.

"Ambokile, umefunga barua zangu."

"Nimefunga za wote, mpenzi. Jaza karatasi."

"Wivu iko na karatasi siku hizi?"

"Wivu gani tena?"

"Ya Désiré. Usijifanye hujui." Akakata.

Yvette alipiga simu Nairobi mara mbili, hakuna aliyepokea. Jioni hakwenda Overport. Ambokile alikula peke yake siku tatu, sambusa zikipoa. Angeweza kumfungulia kwa kubonyeza mara mbili tu. Mkono ulifika, akaurudisha. Kama kufuli linamjua mpenzi wa fundi, hilo si kufuli.

Ijumaa alikwenda maktaba, shati jeupe limepigwa pasi, daftari mkononi.

"Soma. Ndivyo nilivyofunga, moja baada ya nyingine."

Mstari wa kwanza: maneno mafupi, chumba cha mashine na maktaba.

"Ya kwetu njo ya kwanza?"

"Ningefungaje za wenzangu nikaacha yangu?"

Yvette akakunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Désiré ni kaka yangu. Walimpasua mama Jumatatu. Sijui kama iko mzima."

Ambokile aliona pembe ya karatasi chini ya chungu cha maua. Aliinua chungu. Karatasi ilikuwa na duara la maji katikati. Wakaijaza pamoja: kuandikiana na Désiré, habari za mama. Mkuu alisaini, ikafunguliwa mashine moja, saa nane hadi saa tisa. Yvette aliposoma barua za Désiré, Ambokile aligeuza uso dirishani.

"Anakula uji," Yvette alisema polepole, akijifuta macho. "Anagombana na manesi."

"Basi amepona."

"Na ile ya kwetu, utafungua?"

"Hapana. Sina sababu ya kumwandikia mkuu."

"Eish. Tutaongea aje?"

"Ijumaa iliyopita nilikuandikia neno, nikalifuta. Sasa njia hakuna, nimelileta kwa miguu." Akavuta kiti. "Nataka kumwandikia Désiré mwenyewe, nimuulize habari ya mahari."

Yvette alitazama saa ya ukutani, kisha akasogeza kibodi upande wake.

"Iko dakika kumi mbele ya saa tisa. Anza na salamu ya mama."