Muhuri wa Mji wa Nanzovu

Droo ilikuwa wazi, kufuli lake zima, na muhuri haumo.

"Halijavunjwa," Inspekta Roda Kibona alisema akiwa ameinama. "Aliyechukua alitumia ufunguo. Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya kalenda," alijibu Aliko Nzunda, Afisa Mtendaji wa mji mdogo wa Nanzovu. "Kila mtu hapa anajua."

"Sasa kufuli la nini, Mtendaji?"

Aliko alivuta kola ya sweta lake na kutazama dirishani. Baridi ya Juni ilikuwa kali, lakini yeye alikuwa anatoka jasho.

Anayedhani mji mdogo unaendeshwa na hotuba hajawahi kukaa Nanzovu. Unaendeshwa na muhuri. Jumanne ile, saa mbili asubuhi, foleni ilikuwa imetoka barazani mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Kulikuwa na mama aliyetaka kibali cha kusafirisha ng'ombe wawili kwenda Ndalambo, vijana wa barua za utambulisho, na mchungaji aliyeomba kibali cha mkutano wa injili. Wote waliambiwa wasubiri, na wote walikuwa wameshaanza kununa.

Lakini si ng'ombe waliomtoa inspekta Tunduma alfajiri. Ilikuwa notisi ya kurasa tatu iliyolala mezani. Makaburi thelathini na moja yangehamishwa ili stendi mpya ijengwe, na kila kaburi lilikuwa limeandikwa kwa jina la marehemu.

"Notisi hii lazima ibandikwe leo kabla ya saa tisa alasiri," Aliko alisema. "Kila ukurasa uwe na muhuri. Isipobandikwa, mradi unakwenda mji mwingine. Barua ya mradi imesema hivyo hivyo, bila kona. Miaka mitano nimehangaikia stendi hii, afande."

"Muhuri ulionekana lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa mchana. Vibali viligongwa kama kawaida. Saa tisa nikaondoka kwenda Tunduma. Jana asubuhi haupo."

"Jana. Na umepiga simu polisi usiku."

"Nilidhani utaonekana."

Roda alimwachia hilo. Alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na alishazoea watu wanaoita polisi wakishamaliza kujidanganya.

Sajini Lusajo, aliyekuja naye, alimvuta pembeni. "Afande, mimi nimeshamwona mtu wetu. Mwenyekiti wa mji, Damiano Sichone. Ana gesti na maduka manne stendi ya zamani. Stendi ikihama, amekwisha."

"Mlete."

Damiano alikuja na koti zuri na tabasamu. Hakungoja kuulizwa mara mbili.

"Ijumaa saa tisa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuja kusaini hundi ya maji, nikaondoka."

"Ufunguo wa droo unaujua?"

"Nani asiyeujua?"

"Stendi ikihama, gesti yako itapata wapi wageni?"

Damiano alicheka, akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua juu ya meza. "Kiwanja namba moja, mkabala na geti la stendi mpya. Nimekipata kihalali, tena kwa foleni. Leo notisi isipobandikwa, mimi ndiye nitakayelia kuliko wote. Umenielewa, afande?"

Alimwelewa. Sajini Lusajo alijifanya anafunga kamba za viatu.

Aliyefuata alikuwa Gwalugano Msongole, mtunza kumbukumbu wa masijala, mama wa makamo mwenye kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Dada, Ijumaa uliushika muhuri?"

"Mimi? Mimi naandika namba tu. Barua zinanifikia zimeshagongwa."

"Nani anazigonga?"

"Mtendaji." Alifikiri kidogo. "Yaani, ofisi."

Mlango ukafunguliwa na sinia la chai likaingia, nyuma yake Mzee Amoni Silwimba, mhudumu wa ofisi. Alikuwa na miaka kumi na tisa pale. Watendaji watano walikuja na kuondoka, yeye akibaki na funguo za mlango mkubwa, bendera na birika.

"Kaa, mzee," Roda alisema. "Ijumaa ulifunga ofisi saa ngapi?"

"Tisa na nusu, kama siku zote."

"Muhuri ulikuwepo?"

"Ofisi niliifunga vizuri, afande."

Aliuliza swali moja, akajibiwa jingine. Roda alilitia moyoni, akanywa chai yake yote, kisha akaamuru jengo lipekuliwe.

Saa tano kasoro waliupata. Ulikuwa stoo, chumba kisichofungwa kamwe, ndani ya sanduku la kura la zamani, chini ya mafagio. Ulifungwa kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi. Sajini Lusajo, mikono ndani ya glavu, aliuinua kama yai.

"Tuupeleke wakachukue alama za vidole, afande. Wiki mbili tutapata majibu."

"Wiki mbili stendi itakuwa imekwenda," Roda alisema. "Upige picha kwanza. Halafu ugeuze chini juu."

Alisogeza uso. Ulikuwa muhuri wa tarehe, wa chuma, wenye vikanda vidogo vya siku, mwezi na mwaka vinavyozungushwa kwa kidole. Aliusoma, akausoma tena, halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Lusajo, huu uliibwa siku gani?"

"Ijumaa. Tarehe kumi na tatu."

"Unasema tarehe ngapi?"

Sajini aliinamisha kichwa. "Kumi na saba." Akainua uso. "Afande, kumi na saba ni leo."

"Kwa hiyo kuna mtu amekuja stoo leo asubuhi, akaufungua kitambaa, akaugeuza tarehe, akaufunga tena. Mwizi wa namna hiyo sijawahi kumkuta. Waite wote."

Walisimama mbele ya meza: Aliko, Damiano, Gwalugano, na Mzee Amoni akiwa na sinia lake tupu. Roda alimpa Aliko muhuri.

"Mtendaji, ugeuze uwe wa jana."

Aliko aliutazama juu, akautazama chini. Alibonyeza mpini. Alitafuta kitufe ambacho hakikuwepo, na wino ukamchafua mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Kwa kweli," alisema hatimaye, "mimi huwa naukuta uko tayari."

"Dada Gwalugano?"

"Mimi nilidhani inajigeuza, kama ya simu."

Damiano alinyoosha mikono kuonyesha kwamba yeye hajawahi hata kupewa. Hapo wote, mmoja mmoja, wakamgeukia mhudumu.

Mzee Amoni aliweka sinia chini taratibu.

"Ningeuacha na tarehe ya Ijumaa, msingenipata," alisema.

"Kwa nini hukuuacha?"

"Tarehe ikipita, muhuri unasema uongo. Tangu nipewe kazi hii haujawahi kulala na uongo."

"Hata Jumapili ulikuja?"

"Nilipitia baada ya ibada."

Sajini Lusajo alifungua daftari lake. Roda alimwonya mzee kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaendelea.

"Siku walipohesabu makaburi nilitumwa Mkwajuni kupeleka barua. Vijana wa mpima ardhi walihesabu yaliyojengewa saruji na yenye misalaba. Msalaba wa mke wangu ulikuwa wa mti, mchwa waliumaliza. Miaka kumi na moja sasa. Kaburi lenyewe nalijua kwa mawe matatu." Alivuta pumzi. "Ijumaa notisi ikaja nigonge. Nikasoma majina yote. Hayumo. Aliyeandikwa anahamishwa na jina lake, anazikwa upya. Asiyeandikwa, greda linapita juu yake."

"Ulimwambia Mtendaji?"

"Saa nane na nusu. Akasema orodha imeshafungwa, niandike barua. Nikaandika, nikaiweka kwenye trei. Yeye akaondoka. Nikafungua droo ili nigonge notisi. Kurasa tatu tu, afande. Mkono ukakataa. Nikawaza, mpaka Jumanne isipobandikwa, greda halitakuja."

Aliko alikuwa anatazama wino kwenye vidole vyake.

"Barua hiyo iko wapi?" Roda aliuliza.

Gwalugano aliitoa chini kabisa ya trei ya masijala. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzuri, imenyooka mistari yote. "Sijaipa namba," alisema kwa sauti ndogo. "Haina muhuri wa kupokelewa. Na muhuri haukuwepo."

"Mzee, umekaa na muhuri siku nne. Kwa nini hukuigonga barua yako mwenyewe?"

Amoni alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvaa kofia kanisani.

"Mtu hajigongei, afande."

Roda alihisi hasira ikimpanda, na haikuwa kwa mzee. Aliisukuma notisi mbele ya Mtendaji.

"Orodha inafungwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi ifungue."

Aliko alichukua kalamu. Akalitafuta jina la marehemu kwenye barua ya mzee, akaliandika chini ya mstari wa mwisho: 32. Mercy Namwinga. Akatia sahihi pembeni. Halafu alisimama na kusema, mbele ya wote, "Nisamehe, mzee. Ulikuja, sikukusikiliza." Mzee Amoni aliitikia kwa kichwa.

Aliko akasaini kwamba amerudishiwa muhuri. Mzee aliuangalia tarehe, akaupumulia mara moja, akagonga kurasa tatu, zote zimenyooka. Saa nane kasoro robo notisi ilikuwa ukutani, na foleni ya barazani ikaanza kusogea.

Foleni ilipokwisha, Roda alisimama. "Mzee, kosa liko pale pale. Umeficha mali ya serikali, na jalada nimeshalifungua. Tunakwenda wote Tunduma. Dhamana ipo, akipatikana mdhamini mwenye barua ya utambulisho."

"Mimi namdhamini," Gwalugano alisema kabla inspekta hajafunga mdomo.

Aliko aliandika barua ya kumtambulisha Gwalugano papo hapo, mistari minne, akaweka sahihi. Kwa mazoea ya miaka, akaisukuma upande wa Mzee Amoni ili igongwe.

Mzee alirudisha mikono nyuma. "Hiyo ni ya dhamana yangu," alisema.

Hakuna aliyebishana naye. Mtendaji wa Nanzovu aliuchukua muhuri mwenyewe, akaukandamiza kwenye pedi ya wino, kisha kwenye karatasi, kwa nguvu zake zote. Ulitoka kichwa chini.

Inspekta Roda Kibona aliigeuza barua, akaitazama kwa muda, akaiweka ndani ya jalada.

"Tarehe inasomeka," alisema.