Abiria wa Farasi wa Pili

Ijumaa ile duka la vifaa lilikuwa limejaa hadi kizingitini. Muuzaji alikuwa amevunja fimbo yake ya kupimia tangu asubuhi, na kila mteja wa kamba aligombana naye kuhusu urefu. Mama Turubai hakuwa na muda wa ugomvi. Alijipenyeza mbele, gauni lake la njano likisugua magunia ya saruji, akalikamata bunda la mwisho la kamba na kuanza kujipimia mwenyewe, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake: ncha ya vidole hadi kwapani, mkono wa kwanza, ncha ya vidole hadi kwapani, mkono wa pili. Alikuwa mshonaji wa mahema na maturubai, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye vidole vigumu na macho yasiyopitwa na kitu.

"Dada, hiyo kamba mimi niliiona kwanza," sauti ikasema nyuma yake.

"Uliiona. Mimi nimeishika."

Mwanaume akacheka. Alikuwa mrefu, buti zina matope, aproni ya ngozi ameikunja kwapani, na ananuka moshi na sabuni kwa pamoja. "Basi nikatie mikono sita tu. Pima kwa mkono wako lakini. Wangu mrefu, nitamwibia huyu mzee wa watu."

"Mwanaume mwaminifu dukani! Leo mvua itanyesha."

Akampimia mikono sita. Yule mwanaume hakuitazama kamba, aliutazama mkono. "Hivyo ndivyo tunavyopima na sisi watu wa farasi," akasema.

"Mnapima nini?"

"Siku moja nitakuonyesha."

Kazi yake ilikuwa kuwavisha farasi viatu vya chuma kwenye zizi la kukodisha, pembezoni mwa jiji, na wote pale walimwita Fundi Kwato. Jioni hiyohiyo alipiga simu kuuliza turubai lisilopitisha maji linauzwaje. Kesho yake akapiga kuuliza swali lilelile. Siku ya tatu Mama Turubai akamwambia, "Kaka, sema unachotaka, maana turubai umeshalielewa," naye akasema, na mambo yakaanza.

Miezi minne ilipita vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mama Turubai hakuwa na imani na vitu vinavyokwenda vizuri. Mume wake wa kwanza alikuwa akisafiri kikazi kila mwezi, anarudi na zawadi na tabasamu, kumbe safari yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani, kwa mke mwingine na watoto wawili. Tangu siku hiyo alikuwa amejiapiza: mara ya kwanza nilidanganywa, ya pili nitakuwa nimejitakia.

Sasa huyu naye alikuwa na safari. Kila Jumamosi alfajiri aliondoka na farasi wawili kwenda kupiga kambi ziwani, mahali ambapo gari halifiki na simu haishiki, na kurudi Jumapili jioni amebabuka jua.

"Farasi wawili wa nini, na wewe ni mmoja?" alimuuliza siku moja.

"Farasi hakai peke yake, mpenzi. Ukimpeleka mmoja, analia mpaka anakata kamba. Lazima awe na mwenzake."

Mama Turubai alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini moyoni akasema: uongo mzuri huo, nao una miguu minane.

Halafu kukawa na mambo madogo madogo. Siku moja walipita kununua pumba, naye Fundi Kwato akamshika kiuno na kumpandisha juu ya mizani ya magunia, mbele za watu. "Kilo sitini na nne!" akatangaza, na wapakiaji wakapiga makofi. Mama Turubai alicheka na kumpiga begani, ila usiku kucha akawaza mwanaume gani anampima mpenzi wake kwenye mizani ya pumba, na anamlinganisha na nani.

Wiki iliyofuata akamletea kazi. Alitaka mfuko wa turubai wenye miguu miwili, wa kuning'inizwa juu ya mgongo wa farasi, mguu mmoja huku na mwingine kule. "Wa mzigo," alisema. "Kila mguu uwe na urefu wa mkono wako. Juu uwe na shingo ya kufungia. Na ushone mara mbili mbili, utabeba uzito."

"Mzigo gani huo unaovaa suruali?"

"Wewe shona, mpenzi. Maswali baadaye."

Akaushona. Alitumia uzi mwekundu, mshono wake wa msalaba ambao fundi mwingine yeyote mjini hakuuweza, na kila alipovuta uzi alijisikia mjinga bila kujua kwa nini.

Aliyemwaga mtama alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, muuguzi anayekwenda Jumamosi kuchanja watoto katika zahanati iliyo karibu na ziwa. Aliingia karakanani Jumatatu akiwa bado na sare, akavuta kigoda, akakaa karibu sana. Mama Turubai akajua.

"Sema, wifi."

"Sitaki kuvunja nyumba ya mtu."

"Nyumba haijajengwa bado. Sema."

"Nimemwona mtu wako. Kwa mbali, kutoka barabarani, lakini ni yeye. Anatembea kwa miguu, kamshika farasi hatamu. Na juu ya farasi kuna mwanamke. Gauni la njano, mtandio kichwani, kakaa wima kama bibi harusi. Wala hageuki! Na huyo bwana wako mdomo haufungi, anambembeleza njia nzima, 'taratibu, taratibu.' Upepo uliniletea sauti mimi mwenyewe."

Cherehani ikasimama. Mama Turubai aliinua macho ukutani, ambako gauni lake mwenyewe la njano lilikuwa limetundikwa. Lilikuwapo. Basi yule alikuwa mwingine, na bwana alikuwa amemvalisha rangi yake. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Alhamisi jioni simu ikaita.

"Fundi wangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Mbona sauti imekauka? Umekunywa maji leo?"

"Nipeleke ziwani Jumamosi."

Kimya. Kimya kifupi, lakini alikipima vizuri.

"Bado, mpenzi. Wiki mbili tu. Kuna mambo sijayaweka sawa."

"Unakuwa na nani kule?"

"Nani tena? Mimi na farasi."

"Peke yako."

"Peke yangu kabisa. Nikueleze nini? Kule choo ni shimo, maji tunachota na kuchemsha, hata kuku hayupo. Sasa sikia: mama ameshatoa jibu? Nije Jumapili ya wiki ijayo nijitambulishe?"

Mama yake alikuwa amemwambia kwamba atamkaribisha mgeni siku binti atakaposema ndiyo, na si kabla. Jibu lilikuwa mikononi mwa Mama Turubai, na lilikuwa zito. Alimpenda mwanaume huyu. Alipenda buti zake, vicheko vyake, hata harufu ya kwato zilizoungua. Alikuwa na hofu kwamba atasema ndiyo, kisha baada ya mwaka ajikute tena amesimama kwenye mlango wa nyumba ya mwanamke mwingine, akihesabu viatu vya watoto.

"Nitakujibu Jumatatu," alisema, akakata.

Jumamosi akapanda gari la zahanati pamoja na wifi yake. Alikuwa amevaa gauni lake la njano. Kama ni mashindano ya njano, na yawe.

"Nitakusubiri hapa barabarani saa kumi," wifi alisema akimshusha. "Ukimkuta, usimpige usoni. Majeraha ya uso nitaitwa kuyashona mimi."

Alitembea karibu saa nzima katika njia ya mchanga yenye alama za kwato. Alizisoma alama zile njia nzima: farasi wawili, na buti za mtu mmoja. Kwa hiyo mwingine alikuwa amepanda. Bibi huyo hata chini hagusi!

Kambi yenyewe ilikuwa kambi kwa jina tu. Hakukuwa na bomba wala umeme. Kulikuwa na mawe ya mekoni, uzio wa mabanzi kuzunguka shimo la choo, na hema ambalo yeye mwenyewe alilishona. Kati ya miti miwili ilivutwa kamba ya kufungia farasi, juu ya kichwa cha mtu. Ilikuwa ile ya mikono sita. Farasi mzee alikuwa amefungwa hapo, anasinzia. Kando yake alisimama farasi jike wa kijivu, ametandikwa, na juu yake, mgongo kwa Mama Turubai, alikaa mwanamke wa gauni la njano.

Hadi dakika ile sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imetegemea kwamba wifi anahitaji miwani.

"We dada!" akaita.

Mwanamke hakugeuka.

"Nasema na wewe! Unajua huyo ni mchumba wa mtu?"

Upepo ulipeperusha mtandio, lakini mwenyewe hakutikisika. Kiburi gani hiki! Mama Turubai akaona giza la hasira, akakimbia, gauni lake likipigapiga, akalikamata lile gauni jingine kwa mikono yote miwili na kulivuta kwa nguvu. Likapasuka kuanzia kiunoni hadi chini.

Hakukuwa na mguu ndani. Kulikuwa na turubai, na kwenye turubai mshono wa msalaba wa uzi mwekundu.

Alisimama akiwa ameshika kipande cha kitambaa. Mchanga mwembamba ulichuruzika kwenye kiatu chake. Akamtazama mwanamke yule vizuri, kuanzia shingo iliyofungwa kwa kamba hadi fito mbili zilizomsimamisha wima. Mpinzani wake alikuwa amemshona mwenyewe, tena mara mbili mbili.

"Usisogee!"

Fundi Kwato alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, ndoo mbili mikononi, uso umempauka. "Mpenzi, nakuomba, usisogee. Rudi nyuma polepole." Kisha akamtazama yule farasi. Farasi alipepesa sikio moja na kuendelea kutafuna. Ndoo zikaanguka. "Hajaruka," akasema. "Umepiga kelele, umemkimbilia, umechana gauni juu ya mgongo wake, na hajaruka!"

"Angeruka kwa nini? Na huyu ni nani? Nijibu kabla sijakuzamisha!"

"Huyo ni wewe."

"Mimi?"

"Kilo sitini na nne." Alikuwa anakaribia polepole, mikono wazi, kama anavyowakaribia farasi. "Huyu jike ndiye mpole kuliko wote zizini, ila ana ugonjwa mmoja, anaogopa nguo inayopepea. Mwaka jana alimwangusha mteja kwa sababu ya mtandio. Walitaka kumwondoa. Nikasema nitamzoesha, huku ambako hakuna watu. Nikamwekea mchanga kidogo kidogo mpaka ukafika uzito wako. Nikanunua gauni kama lako. Nilitaka siku nikikuleta, nikupose hapa, juu yake, na asikudhuru."

"Na hiki kikanyagio cha chuma kitanifaa vipi? Miguu yangu umeipima lini?"

"Mguu sijaupima. Mkono niliuona dukani siku ya kwanza, na kamba uliyonipimia ninayo. Weka vidole hapo juu kwenye tandiko, ukanda wake unapoanzia. Sasa vuta chuma kije kwapani."

Mama Turubai akaweka vidole, akavuta. Chuma baridi kikamgusa kwapani, sawasawa.

"Kikifika hapo, mguu nao unafika," Fundi Kwato akasema. "Ndivyo tunavyopima. Nilikwambia nitakuonyesha."

Alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa hasira na kwa aibu na kwa furaha, vyote kwa mkupuo.

"Wiki nzima sijalala," akasema. "Nimekuozesha, nimekuzalisha watoto, nimewapa na majina! Nilikuomba unilete huku, ukanyamaza kwanza. Unajua kunyamaza kule kumenifanya nini? Yule wa kwanza naye alikuwa akinyamaza hivyohivyo."

Fundi Kwato akavua kofia. Hakuwa na mzaha tena. "Nisamehe. Nilidhani ninaficha furaha."

"Usinifiche hata furaha. Mimi nikifichwa kitu naugua."

"Sitakuficha tena. Siku nikikosea kuchagua soksi, utajua." Akamshika ile mikono migumu. "Nilipanga maneno mazuri, yamepotelea majini pamoja na ndoo. Nakupenda. Unakubali niwe mume wako?"

Mama Turubai akajifuta uso kwa kipande cha gauni kilichokuwa bado mkononi. Akamtazama farasi, akamtazama abiria wake aliyekuwa anapungua mwili upande mmoja.

"Mshushe kwanza huyo mke mwenzangu," akasema. "Mimi ukewenza siukubali tena."

Saa kumi wifi alikuwa barabarani, ameegemea gari. Kwa mbali akaona farasi wawili wanakuja kwenye mchanga, mwanaume kwenye yule mzee, na juu ya yule wa kijivu gauni la njano linapepea, mwanamke kakaa wima kama bibi harusi. Damu ikamchemka. Wifi yake yuko wapi? Wamemfanya nini?

"Leo ndiyo leo," akasema, akavua kiatu.

Alikuwa amekiinua tayari wakati yule mwanamke aliponyoosha mkono hewani na kupaza sauti.

"Wifi, shusha hicho kiatu! Hapo simu inashika? Mpigie mama, mwambie Jumapili ijayo tuna mgeni!"